Kabla ya Kutafuta Cheti cha Uamuzi wa Softiboli Uganda

Wengi wanaotaka kuwa waamuzi wa softiboli hapa Uganda huanza kwa kuuliza kozi ni lini na ada ni shilingi ngapi. Kozi ni siku chache tu. Kinachoamua kama utatoka na cheti, na kama cheti hicho kitakupa mechi za kuchezesha, ni yale uliyojiwekea tayari kabla ya kukaa darasani. Nimewaona vijana wenye akili nyingi wakianguka mtihani wa uwanjani ilhali ule wa maandishi waliupita vizuri, na wengine wakipata cheti kisha wasiitwe kuchezesha hata mechi moja kwa sababu hakuna aliyewajua.

Kwa hiyo anza na kujulikana. Softiboli na besiboli hapa kwetu ziko chini ya chama kimoja, na chama hicho kinatambuliwa na Baraza la Taifa la Michezo pale Lugogo. Juu kabisa kuna shirikisho la dunia, WBSC, lililoundwa mwaka 2013 mashirikisho mawili, la besiboli na la softiboli, yalipoungana; makao yake yako Pully, Uswisi. Ngazi hiyo hairukwi. Huwezi kuwaandikia Uswisi ukaomba wakufanye mwamuzi wa kimataifa. Chama cha nchi yako ndicho kinachokupendekeza, na hakimpendekezi mtu ambaye hakijamwona akitoa jasho kwenye mashindano ya nyumbani. Nenda viwanjani, jitambulishe kwa anayepanga waamuzi, jitolee kuandika alama au kubeba mipira. Mtu akikuuzia kozi, muulize kwanza anaiendesha kwa makubaliano gani na chama. Akianza kuzungukazunguka, usitoe hela.

Pili, kitabu cha sheria. WBSC hukiweka kwenye tovuti yake na kukipakua ni bure. Kuna cha mchezo wa mrusho wa kasi na cha mrusho wa polepole, basi hakikisha umepata kile kinachotumika kwenye mashindano unayoyalenga, tena toleo la sasa. Kanuni za urushaji hurekebishwa toleo kwa toleo, na nakala iliyochakaa ya kocha wako wa shuleni inaweza kukuaibisha. Kichapishe. Kwenye simu utasoma kurasa mbili kisha WhatsApp ikuite.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo Waganda wengi tunapoteleza. Nchi hii ilijulikana kwanza kwa besiboli. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, na tangu hapo vijana wengi walioshika glovu waliingia kupitia mlango huo. Wanapogeukia uamuzi wa softiboli huja na macho ya besiboli. Vipimo vya mrusho wa kasi ni rahisi kukariri: besi zimeachana mita 18.29 badala ya 27.43 za besiboli, mrushaji wa kike yuko mita 13.11 kutoka pleti ya nyumbani, kile kibao anaposimama mpigaji, na wa kiume mita 14.02, mpira una mzingo wa kama sentimita 30.5, na mechi ni iningi saba, yaani zamu saba za kupiga kwa kila timu. Ugumu uko kwenye muda. Binti mwenye mbio akigusa mpira kidogo kwa gongo na kuutuliza chini, anafika besi ya kwanza kwa karibu sekunde tatu. Mwamuzi aliyezoea nafasi za besiboli atakuwa bado anageuza kiwiliwili.

Halafu kuna kuondoka besini. Katika besiboli mkimbiaji anasogea mbele anavyotaka kabla mpira haujarushwa. Katika softiboli ya mrusho wa kasi anabanwa besini mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji; akiachia mapema, mpira unakufa, yaani mchezo unasimama, mrusho hauhesabiwi, naye yuko auti, ametolewa. Mwamuzi wa besi ndiye anayelichunga hilo, na lazima ajipange mahali ambapo mkono wa mrushaji na mguu wa mkimbiaji vyote viko machoni mwake. Anayejifunza mara nyingi huangalia kimoja akakisia cha pili.

Mrushaji naye anarusha mpira kwa mkono unaotoka chini. Wakati wa kuachia, mkono uwe chini ya nyonga na kifundo cha mkono kisiwe mbali na mwili kuliko kiwiko. Kuisoma sheria hii ni dakika moja. Kuiona mkono ukizunguka kwa kasi ni kazi ya wiki nyingi, na njia ninayoiamini ni moja: mwombe kocha wa shule iliyo jirani akuruhusu usimame nyuma ya mdakaji warushaji wanapofanya mazoezi. Usitangaze chochote. Vaa kinyago, chuchumaa kwenye uwazi kati ya mdakaji na mahali pa mpigaji, kichwa kikiwa kimetulia, ufuate mpira kutoka nyongani hadi kwenye glovu. Siku za mwanzo utafumba macho. Kila mtu hufumba. Ni afadhali umalize kufumba kule mazoezini kuliko mbele ya mtahini.

Eneo la straiki, ambalo mpira ukipita humo huhesabiwa dhidi ya mpigaji hata asipopiga, nalo lijengwe hapohapo. Ni juu ya pleti, ambayo upana wake ni kama sentimita 43, kati ya kwapa na juu ya magoti ya mpigaji akiwa amesimama kwa kawaida yake ya kupiga. Mpira ukikatiza hewa ya sehemu yoyote ya pleti ndani ya urefu huo ni straiki, hata kama mdakaji ameudakia pembeni. Mwamuzi mchanga hutazama glovu ilipoishia badala ya mpira ulipopita.

Kwenye besi, jifunze kuthamini pembe kuliko ukaribu. Ukiwa umeusogelea sana mchezo wa besi ya kwanza, kichwa chako hakiwezi kuona mguu wa mkimbiaji na mpira kwa pamoja. Simama mita tano au sita kutoka besi, macho kwenye besi, masikio yasikilize mpira ukigonga glovu. Anayeguswa kwa mpira ni habari nyingine: hapo sogea, tafuta uwazi kati ya glovu na mwili. Na kwa vyovyote vile, subiri. Mpira ukidondoka baada ya wewe kuinua ngumi ya auti, uwanja mzima utakuwa umekuona. Ishara zifanye mbele ya kioo mpaka zisiwe na kigugumizi: ngumi ya kulia kwa auti, mikono iliyonyooshwa viganja chini kwa salama, mikono yote miwili juu kwa mpira uliokufa. Mpira uliotua ndani ya mistari unauonyesha kwa mkono na hutoi sauti, maana sauti yako yoyote wachezaji watadhani umesimamisha mchezo.

Kuna mambo unayotakiwa kuyaona ukanyamaza, na haya huwasumbua watu wenye bidii kuliko wavivu. Mkimbiaji amekosa kukanyaga besi ya pili: umeona, lakini husemi. Mpigaji ameingia nje ya zamu yake: umeona kwenye kadi, husemi. Timu ya ulinzi ndiyo inayopaswa kulalamika, tena kabla ya mrusho unaofuata. Wakikaa kimya, imepita. Binadamu wa kawaida, hasa mwalimu, anataka kusahihisha. Mwamuzi anangoja aulizwe. Ukiwa mwalimu kitaaluma, jizoeze hili mapema.

Kama kuna ukurasa mmoja wa kitabu utakaousoma mara kumi, uwe ule wa mchezaji mteule wa kupiga na mwenzake asiyepiga. Timu ikiwatumia hao wawili, kadi ya kikosi inakuwa na majina kumi. Yule wa kumi analinda tu, na mteule anapiga mahali pake. Mteule anaweza kuingia kulinda nafasi yoyote. Akimlindia yule wa kumi, basi yule wa kumi ametoka na timu imebaki na watu tisa. Yule wa kumi naye akiingia kupiga, anaruhusiwa nafasi ya mteule peke yake. Ongeza na kwamba aliyeanza mechi anaweza kutoka na kurudi mara moja, kwenye zamu ileile ya kupiga. Makocha wajanja wa shule zetu wameshaijua hesabu hii, na watakuletea mabadiliko mawili kwa mkupuo iningi ya sita ukiwa umechoka. Chora kwenye karatasi, hamisha majina, fanya na rafiki. Kukariri hakutoshi.

Jua pia ni uamuzi wako upi unaoweza kupingwa rasmi. Salama au auti, straiki au mpira mbaya, hayo ni ya macho yako na hayakatiwi rufaa. Lakini ukitumia sheria visivyo, kwa mfano umempa mkimbiaji besi moja pale ambapo mpira uliorushwa na mlinzi umetoka nje na alistahili mbili, kocha ana haki ya kupinga kabla ya mrusho unaofuata. Akikuuliza kuhusu sheria, mjibu kwa utulivu na kwa kifupi. Akikuuliza kuhusu macho yako, msikilize kidogo, kisha mchezo uendelee. Muite Kocha, hata kama mlikula naye rolex ya chapati na mayai asubuhi stendi ya teksi.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo watu hulikwepa. Softiboli yetu ni ndogo, na karibu kila mwamuzi amewahi kuchezea au kufundisha timu fulani. Andika orodha ya timu usizoweza kuzichezesha: shule uliyosoma, klabu anayochezea mdogo wako, timu unayoidai hela. Mpe anayepanga waamuzi orodha hiyo kabla hajakuuliza. Wapo watakaosema unajidai, wape muda.

Viwanja navyo vina mambo yao. Mpigi kuna uwanja uliojengwa kwa ajili ya michezo hii. Kwingine utachezesha kwenye kiwanja cha mpira wa miguu chenye njia ya watu upande wa kulia na mwembe nyuma ya besi ya tatu. Hakuna uzio. Kabla ya mechi, mkutano wa makocha pale kwenye pleti ndio unaamua: mpira ukiingia chini ya mwembe ni nini, ukigonga ng'ombe ni nini, mashabiki wakae wapi. Zoea kufika mapema uuzunguke uwanja kwa miguu ukiwa na daftari, hata kabla hujapata cheti. Mtahini akikuuliza kanuni za uwanja ulipo naye, uwe na jibu.

Na anga. Ukanda huu wa ziwa ni wa radi nyingi, hasa Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Ukisikia ngurumo unawaondoa watoto uwanjani, na kanuni inayofuatwa na wengi ni kungoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Makocha watakuomba umalizie iningi. Usikubali. Jua la saa sita nalo halina huruma ukiwa umevaa kinga ya kifua, basi anza kukimbia angalau miezi miwili kabla, na unywe maji kabla ya kiu. Pima macho. Kama unahitaji miwani, hakikisha inakaa ndani ya kinyago.

Vifaa: kinyago chenye kinga ya koo, kinga ya kifua, kinga za ugoko, kinga ya nyeti kwa wanaume, viatu vyeusi vigumu kwenye vidole, brashi ndogo ya kusafishia pleti, mfuko wa mipira na kihesabio cha mkononi cha kuhesabia straiki na mipira mibaya. Viatu, mfuko na hata suruali utavipata soko la Owino kwa bei ya maelewano. Kinyago cha mtumba kichunguze sana: chuma kikiwa kimepinda au sifongo imekufa, kiache hapohapo. Shati na kofia usinunue mpaka chama kikuambie rangi. Mwanzoni vingi vinaazimwa, lakini kihesabio kiwe chako, na uzoee kukitumia bila kukitazama.

Karatasi ni jambo fupi. Kitambulisho cha taifa, picha, na kwa kuwa utakuwa na watoto wa shule muda mwingi, cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho hutolewa na ofisi yao ya Interpol; kiombe mapema. Ukiwa na ndoto ya kuchezesha nje ya nchi, pasipoti na kadi ya homa ya manjano viwe tayari, maana majina huitwa ghafla.

Mwisho kuna maswali ya kumuuliza mwandalizi wa kozi kabla ya kulipa. Nani atakutathmini uwanjani, na ni mechi ngapi baada ya kozi? Cheti kinadumu muda gani, na kinahuishwaje? Je, utaanza kwenye besi au watakutupa moja kwa moja nyuma ya pleti? Mimi ningeomba besi msimu mzima. Na ulizia mapema kama nauli ya kwenda Mpigi hulipwa kabla ya mechi au baada yake, na kwa mobile money ya nani, kwa sababu waamuzi wengi wapya huacha kazi hii kwa ajili ya nauli, na ni wachache wanaoiacha kwa sababu ya kelele za makocha.