Somo: Kutega fumbo la ndiyo na hapana kwa jambo la ajabu lililotokea kweli

Fumbo hili si ndugu wa "nyumba yangu haina mlango". Kitendawili kina jibu la neno moja, na aliyelisikia jana leo analitaja kabla hujamaliza kutega. Hapa mtegaji anaeleza tukio lisiloingia akilini, kisha wenzake wanamhoji kwa maswali ya ndiyo au hapana mpaka liingie. Namna hii ya kufikiri, ya kuliendea jambo kwa ubavuni, Edward de Bono wa Malta aliipa jina mwaka 1967.

Mnahitaji mtegaji mmoja, wafumbuzi wanne hadi saba, karatasi, kalamu na dakika 20 kwa kila fumbo. Wakizidi saba, wapole watanyamaza na kushika simu. Wagawe makundi mawili yaulize kwa zamu.

Hatua ya 1: Chagua jambo la kweli

Usitunge. Tukio la kutunga huwa na majibu kumi yanayofaa, na watu wakishindwa watadai umebadilisha jibu njiani. Jambo la kweli linawashangaza na kuwachekesha kwa pamoja, maana mwishoni wanagundua kwamba limewahi kumpata binadamu.

Lakini si kila jambo la ajabu linafaa. Jiulize: mtu asiyewahi kulisikia anaweza kulifikia kwa kuuliza tu? Jina la mlima au mwaka wa vita halifikiwi, hilo ni swali la mtihani. Linalofikiwa ni jambo lenye sababu ndani yake.

Hatua ya 2: Ng'oa nguzo moja

Chukua kisa hiki. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliipiga kwa mizinga ikulu ya Zanzibar, na vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Khalid bin Barghash, aliyekuwa amekalia kiti cha usultani, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Askari wakakaa nje wakimngoja akanyage ardhi ya Zanzibar wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa hadi kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogea, akaingia humo moja kwa moja na kupelekwa Dar es Salaam.

Ondoa ubalozi. Ondoa jina, mwaka na mji, kwa sababu hivyo vinatafutika kwenye simu. Kinachobaki:

"Mtu yumo ndani ya jengo zaidi ya wiki tano. Nje wapo askari wanaomtaka. Siku moja bahari inajaa, anaondoka wakimwona, na hawamkamati. Kwa nini?"

Sentensi tatu na swali zinatosha. Ukifika tano, umeanza kusimulia. Kisha andika kwenye karatasi mambo matatu ambayo lazima yafumbuliwe ndipo useme wamepata: jengo lilikuwa la serikali nyingine, alikuwa hatarini pale tu ambapo angekanyaga ardhi ya nje, maji yalileta mashua mpaka ndani ya uwanja. Ikunje karatasi uiweke mezani. Bila karatasi hiyo utayumba, utawapa ushindi kwa jibu nusu au kuwanyima waliopata kwa maneno tofauti.

Hatua ya 3: Chunga ngeli

Hapa ndipo mafumbo yaliyotafsiriwa hufa. Kiswahili kinakusaidia upande mmoja: "a-" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala kama ni mtu au mnyama. "Alisimama mlangoni" anaweza kuwa shangazi au ng'ombe. Upande mwingine kinakusaliti. Tazama:

"Bibi alikaa juu ya mbuzi nusu saa. Hakukusikika mlio wowote, na jioni wageni walikula wali mtamu."

Bibi alikuwa anakuna nazi. Ukisema "mbuzi wake hakulia" umedanganya, kwa sababu mbuzi ya nazi hairejelewi hivyo. Ukisema "mbuzi yake haikulia" umeanika jibu. Dawa ni kuunda sentensi ambayo neno lenye siri halitawali kitenzi wala kivumishi, kama hiyo "hakukusikika". Soma fumbo lako kwa sauti na upige mstari chini ya kila kiambishi kinachorejelea neno la siri. Kaa, paa na tai zinahitaji uangalizi huohuo.

Hatua ya 4: Majibu manne, basi

Ndiyo. Hapana. Haihusu. "Swali lina kosa."

La nne ndilo watu husahau, nalo ndilo linalookoa mchezo. Mtu akiuliza, "Je, askari walihongwa na mfanyabiashara?" ukajibu hapana, kundi litadhani walihongwa na mtu mwingine, na dakika tano zitapotea. Sema "swali lina kosa", waligawe mara mbili. "Labda" na "inategemea" ni marufuku. Ukijikuta unayahitaji, mwombe muulizaji alipange swali upya.

Maswali kumi yakipita bila ndiyo hata moja, toa dokezo. Andaa madokezo matatu mapema, la kwanza likielekeza jicho tu: "Msiulize alifanya nini. Ulizeni nje kulibadilika nini."

Hatua ya 5: Kicheko kina kazi

Kila swali la tano liwe la mzushi: la kipuuzi kabisa, ila linalojibika kwa ndiyo au hapana. "Je, alikuwa samaki?" Watu watacheka, kisha mmoja atatambua kwamba hakuna aliyeuliza kama aliogelea au alipanda chombo. Watu wazima wanaogopa kuuliza jambo la kijinga, na jibu hujificha hukohuko. Uzushi uende kwa zamu, usiwe wa mtu mmoja usiku kucha, la sivyo wengine wataacha kazi hiyo kwake.

Mzaha uelekezwe kwa fumbo, kamwe usiwe kwa mtu aliyekosea. Na mafumbo ya vifo, ambayo yamejaa katika vitabu vya Kiingereza, yaache mpaka uwe unajua waliokaa pale wametoka wapi wiki hiyo.

Wakishindwa, waombe mji kama katika vitendawili. Wakikupa Tanga, "nenda" Tanga, ule, urudi, ndipo ufungue karatasi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mombasa:* Nilitega hili: "Familia mbili zinaishi jengo moja huko Dubai, zinafunga Ramadhani, na kila siku moja inafuturu dakika mbili baada ya nyingine." Rafiki akajibu: moja ni Shia. Ilibidi nikubali?

Ndiyo, mpe ushindi wake bila kinyongo. Jibu lolote linalotimiza kila sentensi ni jibu. Kosa ni la fumbo: ongeza "dhehebu moja, na zote zinafuata saa kwa uaminifu". Jibu ulilokusudia, la jengo refu la Burj Khalifa, ni zuri mno kulipoteza: mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai waliagiza wakazi wa ghorofa ya 80 hadi 150 wasubiri dakika mbili zaidi, na wa juu ya hapo dakika tatu, kwa sababu wao bado wanaliona jua.

*Mwanachama, Mwanza:* Mmoja akishalijua fumbo?

Aseme mara moja, kabla ya swali la kwanza, na awe msaidizi wako. Kazi yake ni kuhesabu maswali na kukugusa ukijibu vibaya. Ukijibu vibaya, tangaza kosa hapohapo. Hapana moja isiyo sahihi inaua fumbo zima.

*Mwanachama, Muscat:* Tuko kwenye kundi la WhatsApp, majibu yanachanganyika.

Kila swali lipewe namba, nawe ujibu kwa namba: "7 ndiyo". Muulizaji ni mmoja kwa zamu, bila ujumbe wa sauti. Wekeni saa moja tu. Fumbo likilala usiku, asubuhi watu wameshatafuta.

*Mwanachama, Morogoro:* Naomba fumbo jepesi la kuanzia, Mwalimu.

"Wawili waliahidiana kukutana mkahawani saa mbili. Kila mmoja alifika kwa wakati, mahali palepale, siku ileile, na hawakuonana." Mmoja anahesabu saa za Kiswahili, mwenzake za Kizungu. Huwa linafumbuliwa haraka, hata watoto wa miaka kumi wanaliweza, ila liandalie jibu la "Je, walifika asubuhi?" Mmoja alifika asubuhi, mwingine saa nane mchana, kwa hiyo hilo ni "swali lina kosa".