Kupanga taka za mji kama Mtwara bila kukwama kwenye hela ya dizeli

Tukiongelea taka wengi tunakimbilia gari, eti tununue kompakta, lile gari linaloshindilia taka. Subirini kwanza. Gari unanunua mara moja, ila dizeli, tairi na mshahara wa vijana ni kila siku, na hapo ndo miji mingi inakwama.

Anza na mizani. Chukua kaya chache Shangani, chache Magomeni, chache Mikindani, wape viroba, pima wiki nzima maana Jumapili na Jumatano hazifanani, afu mwaga uchambue. Kwa hesabu ya haraka weka nusu kilo kwa mtu kwa siku: sensa ya 2022 iliipa manispaa yetu watu 146,000 na ushee, kwa hiyo ni kama tani 73 kila siku. Sehemu kubwa utakuta maganda ya mihogo, majani, makumbi, matumbo ya samaki, yaani vitu vizito vyenye maji. Kompakta kazi yake kushindilia maboksi hewa itoke, hapa hewa yenyewe iko wapi? Tipa na trekta zinatosha, vichochoroni guta la magurudumu matatu.

Na mchanga jamani! Mtu anafagia uwanja asubuhi, kiroba nusu mchanga, unachoma mafuta kupeleka mchanga dampo. Waambieni watu waubakize uwanjani.

Sasa hela. Jumlisha mafuta, mishahara, matengenezo, uchakavu wa gari, kuendesha dampo pamoja na akiba ya kulifunga likijaa, gawa kwa tani zilizofika dampo. Hiyo ndo bei yako ya tani, bila hiyo ada mnayopanga ni ya kubuni tu. Hoteli, soko na maghala ya korosho walipe kwa ujazo, kaya zilipe kidogo ila zilipe zote, na mwenye shamba aruhusiwe kulipa ya mwaka mzima kipindi cha minada ya korosho, kuanzia Oktoba, sio kumgongea mwezi wa nne hana kitu.

Vikundi vya mtaa vya kuzoa taka wanaweza kuombea guta ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2). Ila kwenye mkataba msiwalipe kwa kilo peke yake, mchanga utarudi! Changanyeni na idadi ya nyumba zilizohudumiwa, mwenyekiti wa mtaa asaini kila wiki.