Launji Iliyo Katika Jengo Jingine: Mwongozo kwa Msafiri Anayeanzia Tabora au Kigoma

Msafiri anayetoka Tabora au Kigoma kwenda ng'ambo kupitia Dar es Salaam huteremkia Jengo la Pili la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ilhali ndege za kimataifa huondokea Jengo la Tatu, lililozinduliwa mwaka 2019. Mwenye kadi ya kuingilia launji, yaani ukumbi wa kupumzikia abiria uwanjani, iwe ya Priority Pass (mpango wa uanachama wa launji) au ya benki yake, akumbuke kwamba kabla ya kuulizwa kadi atakuwa ameshapita ukaguzi wa usalama na Uhamiaji, na huko hapitishwi mtu asiye na pasi ya kupandia ndege inayoondokea jengo hilohilo.

Kwa hiyo anza na tiketi. Ikiwa safari yote iko katika tiketi moja, ulizia kaunta ya Tabora au Kigoma kama inaweza kukupa pasi zote mbili na kupeleka mizigo hadi mwisho wa safari. Ikiwa tiketi ni mbili, utachukua mizigo Jengo la Pili, utahamia Jengo la Tatu kwa gari, kisha utasubiri kaunta ifunguliwe, jambo ambalo kwa mashirika mengi hufanyika takriban saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wamefika asubuhi, ndege ni ya usiku, na launji waliyoitegemea iko ng'ambo ya kaunta ambayo bado imefungwa. Kwa kungoja kwa namna hiyo, nyumba ya wageni iliyo karibu, au ndugu aliyeko Kipawa, ina faida kuliko kadi yoyote.

Tumia nafasi hiyo kupanga mizigo upya. Asali ya Tabora na mawese ya Kigoma huhesabiwa kuwa vimiminika, kwa hiyo chupa inayozidi mililita 100 iingie kwenye begi la kukabidhi, ikiwa imefungwa vizuri kwa nailoni, wala isibaki mkononi.

Ukifika ng'ambo, kila uwanja una desturi yake. Changi, Singapore, majengo ya 1, 2 na 3 yameunganishwa ndani baada ya Uhamiaji, hivyo unaweza kupumzika katika launji ya jengo jingine na kurudi kwa treni ya uwanjani. Heathrow, London, mambo ni tofauti: pasi ya ndege ya jengo la 5 haikupitishi ukaguzi wa jengo la 3, hata kadi yako iwe ya daraja gani.

Soma pia masharti ya ukumbi wenyewe, kwa kuwa kumbi nyingi zinazopokea kadi hizo huweka kikomo cha kukaa kwa muda wa saa tatu, na mgeni unayeingia naye hutozwa kwenye akaunti yako. Nyingine hazitangazi ndege kabisa. Tazama mwenyewe ubao wa safari, na ikiwa geti lako liko jengo jingine, ondoka kabla abiria hawajaanza kuitwa.