Jinsi ya kutunza medali na vikombe vya tuzo kwenye ofisi ya profesa

Umepewa ofisi ya mwanasayansi mkubwa uitunze, kabati limejaa matuzo, ngao, vioo, medali, na mkono unawasha kung'arisha. Tulia kwanza, weka hiyo Brasso ya kung'arishia chini. Vikombe vingi vya dhahabu na silva vimepakwa tu kwa juu, ukisugua sana ile ngozi inatoka na fundi peke yake ndo ataipaka upya. Kwa maoni yangu kitambaa cha mtu mwenye nia njema kinaharibu kuliko wezi.

Anza na picha. Mbele, nyuma, ukingoni, jina lilipochongwa, halafu pima kwenye mzani wa sonara uandike. Medali ya Nobel ina kama gramu 175, za kabla ya 1980 zilikuwa dhahabu ya karati 23, siku hizi 18. Hiyo ya karati 23 ni laini balaa, inakwaruzika kirahisi, kwa hiyo shika ukingoni ukiwa na glavu, vumbi toa kwa kitambaa laini kikavu, basi, imetosha.

Halafu tenganisha kila aina. Silva usiifunge na raba bendi wala kuizungushia kitambaa cha sufu, vina salfa, utakuta imekuwa nyeusi tii. Shaba usiiweke kwenye mifuko ya PVC, aina ya plastiki, inaota ukungu wa kijani. Zile ngao za plastiki inayofanana na kioo usizipige spiriti, zinapasuka vimistari vidogo vidogo ambavyo havitoki tena. Kioo cha kristali kiweke mbali na jua la dirishani, kinaweza kukusanya mwanga na kuunguza makaratasi, kweli kabisa. Kama uko Dar au Mombasa tupia silica gel, vile vipakiti vya kunyonya unyevu, ndani ya kabati, unyevu na ile chumvi ya hewani havina huruma.

Sasa usalama. Ya dhahabu halisi iweke benki au kwenye sefu, ofisini weka kopi. Mshindi wa Nobel anaruhusiwa kutengenezewa kopi za shaba iliyopakwa dhahabu kwa hiyo wala sio udanganyifu. Medali ya Ernest Lawrence, Nobel ya fizikia 1939, iliibiwa 2007 kwenye jumba la sayansi lenye jina lake kule Berkeley, Marekani, na aliyekamatwa alikuwa mwanafunzi, ikapatikana. Ya Tagore, mshairi wa India, iliibiwa 2004 huko Santiniketan, India. Mwaka 1940 Wajerumani walipoingia Copenhagen, Denmark, mkemia George de Hevesy aliyeyusha medali za Nobel za wanafizikia Max von Laue na James Franck kwenye asidi ili wasizikute, chupa ikakaa kwenye shelfu mpaka vita vikaisha, dhahabu ikatolewa humo medali zikatengenezwa upya. Wewe usijaribu, ila ona mtu alivyofikiri haraka.

Ukisafiri nayo iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mizigo, na beba barua ya taasisi. Dhahabu kwenye eksirei inatokea nyeusi tupu. Brian Schmidt, Nobel ya fizikia 2011, alisimamishwa uwanja wa ndege wa Fargo, Marekani, wakamuuliza hii nini, akasema dhahabu, nani kakupa, akasema mfalme wa Sweden, kwa nini, akasema nilisaidia kugundua kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Alikuwa amempelekea bibi yake aione.