Maji ya machinjio usiyamwage mtoni, yatoe gesi kwanza

Kama una machinjio ndogo ya ng'ombe watano sita kwa siku, yale maji mekundu yanayokimbilia mtaroni ni gesi na mbolea unatupa, na yakifika mtoni samaki wanakufa maana bakteria wanaokula ile damu na mafuta wanamaliza oksijeni yote. Kiserian kule Kajiado machinjio ya Keekonyokie walishajenga mtambo wa bayogesi kwa uchafu wao wenyewe, kwa hiyo inawezekana kabisa.

Kwanza tenga damu, weka karai wakati wa kuchinja isiende na maji. Damu ikiingia nyingi kwenye tangi la bayogesi inageuka amonia na amonia inaua bakteria wako wanaotengeneza gesi. Ichemshe huku unakoroga mpaka igande, kamua, anika, saga, hapo una unga wa damu wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku, ila ng'ombe na mbuzi usiwape.

Maji yanayobaki yapitishe kwenye wavu ushike vipande vya mifupa na nywele, halafu kwenye chemba ya mafuta, yale yanayoelea unayakwangua kila siku. Usiruke hapa jamani, mafuta yakizidi yanafanya utando mgumu juu na gesi inakwama chini yake.

Ukubwa wa tangi: maji ya siku moja mara siku 30. Lita 2,000 kwa siku ni mita za ujazo 60, na juu uache nafasi ya gesi. Lizibwe kabisa, hawa bakteria hawataki hewa. Wanapenda joto la nyuzi 35 hivi, so kama uko sehemu za baridi kama Njombe au Limuru lichimbie ardhini na uongeze siku.

Kuanza ndo wengi wanaharibu, wanamwaga maji yote siku ya kwanza. Anza na mavi mabichi ya ng'ombe yaliyokorogwa na maji, pamoja na uchafu wa tumboni, funga, subiri wiki tatu nne. Gesi ya mwanzo haiwaki, iachie iende. Ikianza kuwaka ndo uingize maji ya machinjio kidogo kidogo, robo kwanza, wiki zinazofuata unaongeza. Pima pH (kipimo cha uchachu), ikae 6.8 mpaka 7.5, ikishuka chini ya 6.5 acha kulisha siku kadhaa, isipopanda weka chokaa kidogo. Na maji ya kudekia yenye jiki yaende njia nyingine, yakiingia umewaua wote.

Gesi ikinuka mayai viza ni salfa, inakula jiko na injini, ipitishe kwenye bomba lenye chenga za chuma zenye kutu, omba kwa fundi wa kuchomelea. Kuvuja unapima kwa povu la sabuni, sio kiberiti. Na mtu asiingie ndani ya tangi hata likiwa tupu, ile hewa inaua kwa dakika chache.

Tope linalotoka peleka kwenye migomba na nyasi za ng'ombe, sio mboga za kuliwa mbichi. Maji yake bado sio safi, yapitishe kwenye mabwawa mawili matatu ya wazi yapigwe jua. Tanzania na Kenya zote kiwango cha juu cha BOD (oksijeni ambayo bakteria wanahitaji kula uchafu ulio kwenye maji) ni miligramu 30 kwa lita, kwa hiyo peleka sampuli maabara kabla hujafungulia bomba la kwenda mtoni.