Eafoni ya Bluetooth ikilia upande mmoja

Wana Kigoma, kabla hujapeleka eafoni kwa fundi pale Mwanga eti sikio la kushoto limekufa, ebu ziunganishe kwanza na simu ya mtu mwingine. Zikilia pande zote basi tatizo ni simu yako, ingia setingi, sehemu ya ufikivu (Accessibility), ucheki kale kamstari ka sauti ya kushoto na kulia kama kako katikati, watoto wakishika simu wanakasogeza na wewe wala hujui.

Bado kimya? Angalia chaji. Zile pini ndogo ndani ya kiboksi cha kuchajia ndo zinasumbua sana, maana hili vumbi jekundu la kwetu likikutana na jasho na nta ya masikio linaganda kama gundi, eafoni inalala kwenye kiboksi usiku kucha na asubuhi haina kitu. Futa pini kwa pamba yenye spiriti kidogo tu, pande zote, iache ikauke. Kale kawavu kanakotoa sauti usikachokonoe na sindano jamani, kanatoboka! Tumia mswaki laini mkavu, kawavu kakiangalia chini ili uchafu udondoke nje.

Ikishindikana, zifute kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, zirudishe zote mbili kwenye kiboksi, uziriseti (nyingi unashikilia kitufe sekunde 10 hivi, ila soma kale kakaratasi kake), halafu unganisha upya. Zile za bei chee mara nyingi zimesahauliana tu zenyewe kwa zenyewe.