Namna ya kuifanya barabara ya hifadhini iwe salama bila kuharibu mandhari yake

Barabara inayokatiza hifadhi ya taifa inapoanza kugharimu maisha ya watu na wanyama, pendekezo la kwanza kufika mezani huwa ni kuipanua, kuinyoosha na kufyeka pande zake zote mbili. Pendekezo hilo linaeleweka, lakini mara nyingi hukosea, kwa sababu dereva huchagua mwendo kwa kuitazama barabara yenyewe zaidi ya kukitazama kibao. Akipewa njia pana iliyonyooka ataongeza mwendo, na hifadhi itakuwa imepoteza miti na kona zake bila kupata usalama uliokusudiwa. Kwa hiyo anzeni na mwendo, na ujenzi uje pale tu ambapo mwendo peke yake hautoshi.

Kabla ya mhandisi kuchora chochote, kusanyeni kumbukumbu za ajali za angalau mwaka mmoja mzima, ili masika na kiangazi vyote viwemo, mkiandika kilomita, saa, hali ya hewa na aina ya ajali. Msitegemee taarifa za polisi pekee, kwa kuwa swala aliyegongwa usiku mara nyingi haripotiwi na mtu yeyote; askari wa wanyamapori wanaookota mizoga alfajiri wanajua mengi ambayo hayamo kwenye faili lolote. Kisha itembeeni barabara kwa miguu. Si ajabu mkagundua kwamba watu hufia kwenye kona chache, ilhali wanyama hugongwa mahali pengine kabisa, karibu na maji au kwenye ushoroba wao wa zamani, yaani njia waliyozoea kupita. Hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina tiba yake.

Hoja ya mwendo inahitaji kuelezwa kwa hesabu, maana bila hesabu huonekana kama maoni tu. Kwenye lami kavu, dereva makini anayekwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji takriban mita 35 ili asimame. Akiwa kilomita 80 kwa saa, huhitaji karibu mita 70. Taa za chini za gari kwa kawaida hazimuliki vizuri umbali huo wa pili, na hivyo anayekwenda kilomita 80 usiku anaendesha kuelekea asichokiona. Matuta husaidia kwenye vipande vifupi vya hatari, lakini kwa masafa marefu njia bora ni kupima mwendo wa wastani. Magari yaandikwe saa ya kuingia na ya kutoka, kwa kamera au kwa karani wa geti. Ikiwa kipande kina kilomita 50 na kikomo ni kilomita 50 kwa saa, aliyetumia dakika 40 amejihukumu mwenyewe, na hakuna mti hata mmoja uliokatwa ili kumkamata.

Pale ambapo korongo liko kando ya lami, kizuizi hakikwepeki, na hapo ndipo uchaguzi wa vifaa unapoamua sura ya mahali. Mabati yanayong'aa huonekana kutoka mbali. Ukuta uliofunikwa kwa mawe ya eneo lenyewe, magogo yaliyotiwa chuma kwa nyuma, au chuma kinachojifunika kutu ya kahawia hutulia ndani ya mandhari. Sharti ni moja, nalo halina mjadala: muundo uwe umejaribiwa kwa kugongwa na gari, kwa kuwa ukuta mzuri wa mawe usiohimili kishindo ni mapambo ya hatari. Na kama njia ni nyembamba mno kwa mabasi makubwa, fikirieni kuyazuia mabasi badala ya kuuchonga mlima. Katika hifadhi ya Glacier nchini Marekani, barabara ya Going-to-the-Sun, iliyokamilika mwaka 1932, bado ina kuta zake za mawe, na katika sehemu yake ya juu magari yenye urefu unaozidi futi 21 hayaruhusiwi.

Kuhusu ufyekaji, wengi hukosea kwa nia njema. Ni kweli kwamba dereva akiona mbali humwona mnyama mapema, lakini nyasi zilizofyekwa huchipua laini na kuwaita walao majani hadi ukingoni mwa lami. Fyekeni ndani ya kona na kwenye vivuko vya wanyama tu. Taa za nguzoni ziepukwe. Viakisi mwanga hutosha. Vibao viwe vichache, vikiwekwa mahali panapohusika.

Uzio ni hatua ya mwisho, kwa sababu bila vivuko huigawa hifadhi vipande viwili. Katika hifadhi ya Banff nchini Kanada, uzio uliounganishwa na vivuko vya juu na vya chini ya barabara kuu umepunguza ajali za wanyama kwa zaidi ya asilimia 80, lakini hiyo ni barabara yenye magari mengi mno, na barabara tulivu haihitaji gharama wala kovu la namna hiyo. Mara nyingi kalvati lililopanuliwa kidogo, lenye ukingo mkavu ndani yake, huwatosha wanyama wadogo.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni machimbo ya kifusi. Mkandarasi akiachiwa atachimba karibu, na shimo litabaki likionekana miaka mingi baada ya mashine kuondoka. Andikeni kwenye mkataba kwamba kifusi kitoke nje ya hifadhi, kiwe hakina mbegu za mimea vamizi, na udongo wa juu utunzwe ili urudishwe. Pigeni picha kutoka sehemu zilezile ambazo wageni husimama kutazama, kabla na baada ya kazi, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka picha hizo zilinganishwe mbele ya mhifadhi na mhandisi wakiwa pamoja.